Bibi Harusi Katoka Ukungu

"Acha kutikisika!"

"Sijatikisika."

"Umetikisika. Mimi ndiye niliye nyuma ya kamera, wewe uko huko mbele. Kati yetu nani anaona?"

Jicho alishusha kamera, akatingisha kichwa kama daktari aliyemkatia tamaa mgonjwa, kisha akawageukia majirani waliosogea kibarazani pa studio kutazama. Hakuwa mtu wa kumsema mchumba wake faraghani. Alipenda wasikilizaji wawepo.

"Jamani, mlishawahi kuona mtu anatetemeka hata akiwa amekalia kiti? Huyu ukimpa kikombe cha maji, nusu inanywewa na sakafu!"

Watu wakacheka. Binti aliyekaa kitini naye akacheka, kile kicheko cha kujisitiri, mikono ameibana katikati ya magoti isionekane.

Mtetemo. Ndilo jina ambalo Jicho alimpa, na mtaa ukalidaka. Mimi pia nitamwita hivyo kwa muda, maana usingemjua kwa lingine. Hapo mbele nitamvua.

Siku hiyo walikuwa wanapiga picha ya kadi ya harusi yao. Mtetemo alikaa mbele. Hatua chache nyuma yake alisimama binamu yake, binti wa shangazi mwenye studio, ameshika mwavuli mweupe. Kumweka pale lilikuwa wazo la Jicho. Alisema picha inahitaji kina.

"Shemeji," alimwambia binamu, na sauti ikalainika ghafla kama redio iliyohamishwa stesheni, "sogea kushoto kidogo. Hapohapo. Unaona? Wewe umetulia. Kuna watu wamezaliwa wametulia."

"Mimi nimeshika mwavuli tu, shemeji," binamu akasema, akijitengeneza nywele.

"Na mwavuli wenyewe umebahatika."

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni anashona kifungo cha gauni la mpwa wake. Aliinua uso, akamtazama Jicho, akarudi kwenye sindano.

"Piga, baba," alisema. "Jua halikusubiri wewe."

Jicho akapiga. Alipiga kwa mbwembwe, goti moja chini, mara amelalia ubavu, mara amesimama juu ya ndoo. Ile ilikuwa kamera ya filamu, ya zamani, ya shangazi mwenyewe kabla macho yake hayajachoka. Haikuwa na kioo cha kukuonyesha ulichokipata. Ukishapiga umepiga, utajua mbele ya safari. Kwa mtu mwenye majivuno hakuna chombo kizuri kama hicho, maana muda wote ambao filamu haijasafishwa, wewe ni fundi.

Na Jicho alitaka kuitwa Fundi. Usipomwita hivyo alijifanya kiziwi.

*

Kazi ya Mtetemo ilikuwa kusafisha filamu, ndani ya chumba cha giza. Shangazi alimchukua akiwa mdogo, akamfundisha dawa, maji, kamba na vibanio. Maji yakiwa baridi sana, shangazi aliyapasha moto kabla mpwa wake hajaamka, vidole vya mtoto visife ganzi. Chai aliiweka nje ya mlango, ameifunika kisahani, akigonga mara moja kwa kidole na kuondoka, asije akaufungua mlango na kuingiza mwanga. Miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akijisifia jambo hilo.

Mtetemo aliwahi kutamani kupiga picha mwenyewe. Shangazi alishamfundisha kushika kamera, lakini siku ya kwanza alipotaka kuitumia, Jicho alisimama nyuma yake, kidevu karibu kigusane na bega lake, akimpumulia shingoni.

"Mikono hiyo! Ona inavyocheza! Mpenzi wangu, wewe baki na dawa zako."

Nani asingetetemeka? Mtu unampenda, amekusimamia kama askari. Picha ile ilitoka imecheza kweli, na Jicho akaitundika ukutani ili wateja wacheke. Tangu hapo Mtetemo hakuigusa kamera tena.

Basi aliingia na filamu ya harusi yake gizani. Akaisafisha, akaitundika ikakauka, akaiweka kwenye mwanga na kuiinamia na kioo cha kukuzia.

Picha ya kwanza, yeye katoka ukungu.

Ya pili, ukungu.

Akapitisha kioo taratibu hadi mwisho wa filamu. Kote yeye ni ukungu mtupu, uso kama umepakwa maziwa. Machozi yakamjaa.

"Kweli mimi ni Mtetemo," alijiambia.

Lakini alikuwa msafishaji wa siku nyingi, na macho ya kazi hayamngoji mwenyewe amalize kulia. Yalishaona jambo. Picha iliyocheza huacha mkia. Mpigaji akitikisika, kila kitu kinajivuta upande mmoja, ukuta, mtu, kiti, vyote. Anayepigwa akitikisika, yeye peke yake ndiye anajivuta, kama rangi iliyopanguswa kabla ya kukauka.

Hapa hapakuwa na mkia. Uso wake ulikuwa umetulia tuli ndani ya ukungu wake.

Akasogeza kioo nyuma yake. Mbavu za mwavuli zilihesabika. Hereni ya binamu ilionekana mpaka ndoano yake. Nyusi za binamu, unywele mmoja mmoja. Na macho ya binamu yalitazama moja kwa moja kwenye lenzi, yamelegea, kama ya mtu aliyesikia anaitwa jina lake kwa sauti ya chini.

Mtetemo akakaa chini, kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Nje, kidole kikagonga mlango mara moja.

"Chai yako, mama."

"Asante, shangazi."

"Zimetoka?"

"Zimetoka, shangazi. Kamera yako ni nzima?"

"Ilikuwa nzima jana. Kwa nini?"

"Nataka niijaribu kwanza, nisije nikamsingizia mtu."

*

Hebu mtazame binti huyo. Ushahidi uko mkononi, moyo unamchoma, na bado anamtafutia mwanamume yule njia ya kutokea. Huenda pete ya lenzi imelegea. Huenda kamera imeanguka.

Alimkuta shangazi mlangoni na ushonaji wake.

"Nifundishe tena kushika," akamwambia. "Kama ulivyonifundisha kabla ya Jicho."

Shangazi akaweka sindano chini.

"Miguu iachanishe kidogo. Viwiko vibane mbavuni. Mkono wa kushoto uibebe kamera kwa chini, kama unavyobeba bakuli la uji wa moto. Sasa chungulia. Unaona nini?"

"Nakuona wewe wawili, mmoja kama kivuli cha mwenzake."

"Zungusha pete ya lenzi mpaka nibaki mmoja. Usikimbilie. Chagua kitu kimoja usoni pangu, jicho, uking'ang'anie hicho. Umepata?"

"Nimepata."

"Vuta pumzi. Itoe nusu. Kisha bonyeza kama unavyomgusa shavu mtoto aliyelala, asiamke."

Kitufe kikalia kidogo tu, *chak*.

"Umeona?" shangazi akasema. "Hapa hapajatetemeka mtu."

Filamu ile ikasafishwa. Shangazi alitoka safi, mpaka uzi mweupe uliobaki mdomoni mwake baada ya kuukata kwa meno. Kamera ilikuwa nzima. Mikono pia.

Mtetemo akachukua simu.

"Picha zimetoka," alisema.

"Zimeharibika, siyo?" Jicho akajibu, na nyuma yake kulikuwa na muziki.

"Mimi nimetoka ukungu. Zote."

"Nilisema! Si nilisema mbele ya watu? Wewe ungepigwa picha ukiwa umelala, labda. Labda!"

"Hujaniuliza vitu vingine vimetokaje."

"Vitu gani? Picha ni yako."

"Mwavuli umetoka safi."

Muziki ukapunguzwa sauti.

"Mwavuli hautetemeki," Jicho alisema, akajichekesha. "Sikiliza. Mama anakuja Jumamosi kuchagua picha ya kadi. Mwambie umeziharibu wewe, kwa kutikisika. Mimi nina jina la kulinda."

"Na mimi?"

"Wewe jina lako si ni Mtetemo? Litaharibika vipi tena?"

Akakata. Kabla Mtetemo hajaiweka simu, ujumbe ukaingia, wa binamu:

*Dada picha zimetoka?? Mimi nimetokaje? 🙈*

Mtetemo akausoma mara mbili. Mtu ameshika mwavuli tu kwenye picha ya harusi ya mwenzake, halafu hilo ndilo swali lake. Akaandika:

*Njoo Jumamosi ujione.*

*

Jumamosi mama yake Jicho alikuja na miwani yake minene na mto wa kochi alioufuma mwenyewe kwa ajili ya mkwe. Alikuwa mama mzuri, si kosa lake alichokizaa. Dada wa saluni ya jirani naye alikuja, na kitana mkononi, kupima nywele za bibi harusi. Binamu alivaa kuliko wote. Jicho aliingia wa mwisho, kamera ya shangazi imening'inia shingoni mwake kama nishani.

Kwenye dirisha la studio, mahali zinapowekwa picha za maharusi, Mtetemo alikuwa amebandika ile picha, kubwa kuliko zote zilizowahi kukaa pale.

Mama Jicho akaisogelea, akafuta miwani, akasogea tena.

"Mashallah! Mkwe wangu amependeza! Ona macho hayo!" Akageuka. "Ila mbona mmemweka nyuma, na mwavuli? Na huyu aliyekaa mbele, mwenye ukungu, ndiye nani?"

Mtetemo akasogea mbele ya dirisha.

"Huyo mwenye ukungu ndiye mimi, mama," Mtetemo akasema.

"Wewe?"

Binamu, ambaye muda wote alikuwa amejikodolea macho dirishani, akajisahau.

"Jamani, nimetoka vizuri!"

Shangazi akamtazama binti yake. Halafu akamtazama Jicho.

"Ni huyu," Jicho akaruka, akimnyooshea mchumba wake kidole. "Ametikisika! Mama, nilikueleza, huyu hawezi kutulia. Nimejitahidi, lakini fundi hafanyi miujiza."

"Ningetikisika mimi," Mtetemo alisema taratibu, "uso wangu ungejivuta. Ungetikisika wewe, kila kitu kingejivuta, na mwavuli pia. Hapo hakuna kilichojivuta. Kila mtu alitulia, hata wewe."

"Sasa wewe msafishaji unataka kunifundisha mimi picha?"

"Nakuuliza tu. Ndani ya hiyo kamera mtu anaonekana wawili, unazungusha pete mpaka anabaki mmoja. Ulikuwa unamfanya nani awe mmoja?"

"Vidole viliteleza!"

"Filamu nzima, baba?" shangazi akauliza. "Viliteleza, vikarudi, vikateleza palepale?"

"Lenzi ni mbovu, basi! Kamera yenyewe ya tangu enzi za..."

Mtetemo akamwekea mbele picha ya shangazi, yenye uzi mdomoni.

"Lenzi hiyohiyo. Siku hiyohiyo niliyosafisha zako. Nimepiga mimi."

Jicho akaitazama. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, kama anayetafuta kosa.

Mama yake akavua miwani.

"Mwanangu, mimi nimekuuliza jambo dogo. Ulikuwa unamtazama nani?"

"Mama, na wewe..."

"Si uwaambie!" binamu akalipuka. "Unasubiri nini? Si ulisema utamwambia kabla ya kadi? Kila siku kesho, kesho! Mimi nimechoka kuitwa shemeji!"

Dada wa saluni akaficha uso nyuma ya kitana chake. Shangazi alisimama katikati ya mlango.

"Wewe nitakuja kwako," alimwambia binti yake. "Ngoja kwanza. Huyu hapa pia ni mwanangu, na yeye ndiye aliyeumizwa."

Mwanamume mwingine angeinamisha kichwa. Jicho alikitoa kifua mbele.

"Haya, ndiyo! Mnataka nilie? Mwanamume anataka mwanamke wa kupendeza kwenye picha. Huyu ananuka dawa, anaishi gizani kama popo, mikono kama ya bibi kizee. Nimemhurumia mwaka mzima, hata shukrani hana!"

"Nyamaza," mama yake akasema.

"Sinyamazi! Eti kapiga yeye! Haya, kama anajua, atupige hapa hapa, mimi na mwenzangu. Si anataka ushahidi?" Akavua kamera shingoni, akamtupia Mtetemo kifuani. "Shika, Mtetemo. Tuone ukungu."

Akamvuta binamu ukutani, akamzungushia mkono kiunoni, akajishebedua mbele ya watu, mbele ya mama yake.

Mtetemo alisimama na kamera mikononi. Kwanza akaiweka mezani. Akavua pete ya uchumba, akamfuata Jicho, akaiweka kwenye kiganja chake.

"Chukua. Ulikuwa na pete mbili za kuzungusha, zote zimekushinda."

Akarudi, akainua kamera. Miguu akaiachanisha. Viwiko akavibana mbavuni.

Chumba kilikuwa na mwanga hafifu. Mama yake Jicho, bila kuambiwa, alikwenda dirishani akalivuta pazia, akalishikilia kwa mikono miwili. Hakumtazama mwanawe. Alisimama pale analishikilia mpaka mwisho, ili binti wa watu apate mwanga.

Ndani ya tundu la kamera sura zilikuwa mbilimbili. Mtetemo akazungusha pete kidogo, akarudisha, akapata. Akavuta pumzi, akaitoa nusu.

*Chak.*

"Itatoka ukungu," Jicho akasema.

"Itatoka Jumatatu," akamjibu. "Sasa ondoka kwenye ukuta wa shangazi, unamchafulia chokaa."

*

Jumatatu binamu alikuja peke yake. Nyumbani mama yake alikuwa hamsemeshi, na vipodozi havikuficha macho yaliyovimba. Akasimama mbali na meza, kama mteja asiyejua bei.

"Dada. Nimefuata picha."

Mtetemo angeweza kumfukuza. Angeweza kumrushia maji ya dawa, na mimi nisingemlaumu sana. Badala yake alimsogezea kiti, akamkabidhi bahasha.

Picha ilikuwa safi kama maji ya kisima. Binamu alionekana kope kwa kope, anatabasamu kwenye lenzi tabasamu la mtu aliyeshinda. Jicho naye alionekana vizuri, mpaka jasho lililosimama juu ya mdomo.

Binamu aliitazama picha kwa muda mrefu. Tabasamu halikuja.

"Mbona haangalii kamera?"

"Hakuangalia."

"Wala haniangalii mimi."

"Hapana."

Macho ya Jicho yalikuwa yamekwenda pembeni. Ukiyafuata, yalifika ukingoni mwa picha, ambapo mkono wa dada wa saluni, asiye na habari, ulikuwa umeingia kidogo na kitana chake. Mkono wa Jicho kiunoni kwa mmoja, macho kwa mwingine, na mama yake mzazi amesimama chumbani humo humo.

"Dada, ulifanya makusudi kumtoa hivi?"

"Mimi sikumlenga yeye. Nilikulenga wewe."

"Mimi? Baada ya yote?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unaitazama kamera. Halafu wewe ni mdogo wangu, nitakulenga nani?"

Binamu akafunika uso kwa bahasha, mabega yakimtikisika. Mtetemo hakumkumbatia, ilikuwa bado mapema kwa hilo. Alikwenda akamletea maji, akashika bilauri mpaka vidole vya mwenzake vilipotulia kiasi cha kuipokea.

Simu ya binamu ikalia mezani. Ujumbe wa Jicho:

*Vp imetoka ukungu eeh? Si nilisema 😂😂*

Binamu akapangusa pua, akaandika jibu, kisha akamwonyesha dada yake kabla ya kulituma.

*Imetoka safi. Hilo ndilo tatizo lako. Usinitafute.*

"Nilitume?"

"Pumua nje kwanza," dada yake akamwambia. "Kisha bonyeza polepole."

Akabonyeza.

Nilisema nitamvua binti yule jina la Mtetemo, ila shangazi aliniwahi. Jioni hiyo alikuja mteja, akachungulia mlangoni na kuuliza kama Fundi yupo, maana alikuwa na mtoto wa kupigwa picha.

"Amehamia wapi yule kijana? Yule Jicho?" mteja akaongeza.

"Huyo alikuwa anabeba kamera tu," shangazi akasema, akipitisha sindano kwenye kifungo. "Fundi yuko ndani, anamalizia chai yake. Gonga mara moja, usifungue mlango."